Gemu Inayomngoja Mchezaji: Mwongozo Kamili wa Kumchagulia Mtu Mzima Gemu za Mafumbo na Visa

Mombasa haijapungukiwa na wazee wanaojua kufikiri kwa utulivu. Mcheza bao hodari huzihesabu kete kichwani, akaona zitakakotua, kabla hajanyanyua mkono. Hakuna anayemharakisha. Mpinzani wake anangoja, watazamaji wanangoja, kahawa inapoa. Mtu mwenye akili kama hiyo tunamfanyia nini siku anapotaka gemu ya simu? Mjukuu anamwekea ya kwanza aliyokutana nayo Google Play. Matangazo yanajaa kwenye skrini kila mara, mzee anabonyeza pasipo pake, na baada ya siku chache simu imerudi kuwa ya kupokelea WhatsApp tu. Kisha tunasema watu wazima hawapendi gemu. Wanazipenda sana. Ni kwamba walipewa zisizowafaa.

Aina ninayoipigia debe hapa ni gemu za mafumbo zenye kisa. Mchezaji hupewa mhusika wake, akasafiri naye mji hadi mji, pango hadi pango. Mhusika huanza mnyonge, kisha hupata nguvu, ujuzi na silaha kadiri anavyoshinda. Ushindi wenyewe hautegemei wepesi wa kidole. Unategemea hesabu: kupanga vito, yaani vipande vya rangi vinavyofanana, kusoma ramani, kujua lini ushambulie na lini ujikinge. Fumbo huipa akili kazi ya leo, na kisa humfanya mtu atake kurudi kesho. Mafumbo matupu huchosha haraka, na kisa kirefu kisicho na fumbo humlaza mzee kitini.

Kigezo changu kikuu ni kimoja, na vingine vyote hufuata nyuma yake: gemu imngoje mchezaji. Isiyoweza kungoja iache, hata iwe na picha nzuri na sifa tele.

Hatua ya kwanza: mjue mchezaji kabla ya kuijua gemu

Anza na anachocheza sasa, au alichokuwa akicheza zamani. Mtu wa bao na dama hupenda kuona ubao wote mbele yake na kupanga hatua kadhaa mapema. Huyo mtafutie gemu ya mapambano ya kupanga. Mtu wa karata na dhumna huvutiwa na bahati iliyochanganyika na ujanja, na gemu za kupanga vito vya rangi humkaa sawa. Kuna mwingine hakucheza lolote kati ya hayo, lakini ukimwambia “Kitendawili!” atajibu “Tega!” kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Huu ni mji wa Muyaka bin Haji, mshairi wa karne ya 19 aliyejaza mafumbo katika tungo zake, na watu wa namna hiyo bado tunao tele. Huyo mpe mafumbo ya maneno na mantiki, na mapambano uyaache kando.

Kisha macho. Ukimwuliza mzee, “Unaona vizuri?” atakujibu, “Naona, alhamdulillahi,” hata kama haoni kitu. Usiulize. Fungua picha ya gemu kwenye simu, mpe mkononi, umwambie: “Ami, hebu nisomee hapa pameandikwa nini.” Utaona mwenyewe kama anaisogeza simu mbali, anaikunja shingo, au anakisia maneno kwa herufi ya kwanza. Jaribu pia rangi. Lenzi ya jicho huwa ya manjano kadiri umri unavyosonga, na mtoto wa jicho huongeza hali hiyo. Ndiyo sababu mtu mzima anaweza kuchanganya buluu iliyokoza na nyeusi, au buluu na kijani. Kwa hiyo gemu ya vito iwe na vipande vinavyotofautiana kwa umbo pia. Ikiwa tofauti yake ni rangi tu, itamtesa.

Mikono ifuate. Mtazame anavyotuma ujumbe. Kama kidole kinatetemeka au kinakawia juu ya kioo, epuka gemu inayotaka kuburuta vitu kwa usahihi, na utafute ya kugusa mara moja. Kalamu ya skrini ya bei rahisi husaidia sana hapa. Na hapa kwetu kuna jambo ambalo waandishi wa nchi za baridi hawalitaji: jasho. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, kidole chenye majimaji huichanganya skrini, ikasoma mguso usiokuwepo. Kitambaa kikavu kando ya mchezaji kinafanya kazi kubwa kuliko marekebisho yoyote ya simu.

Lugha nayo usiipuuze. Gemu nyingi sana za aina hii hazina Kiswahili. Wapo wazee wetu waliosomeshwa Kiingereza kikali wakakimudu hadi leo, na wapo ambao chuo chao kilikuwa madrasa, wakawa na akili pevu ya mafumbo lakini Kiingereza hakiwaingii. Kundi hili la pili lina gemu yake, nitaitaja.

La mwisho katika hatua hii ni imani na staha. Gemu za safari na vita zimejaa wachawi, mifupa inayotembea, mashetani na wanawake wasiojisitiri. Kuna mzee ataliona jambo hilo kama hadithi za kale tu, na kuna mwingine atarudisha simu na hatasema sababu. Mfano mzuri ni Golden Sun, gemu ya mwaka 2001 iliyotengenezwa na Camelot ya Japani. Mafumbo yake ni ya kupendeza mno: unasukuma magogo, unaotesha mimea ya kupandia, unasogeza nguzo kwa nguvu za akili, na mapambano ni ya zamu kwa zamu. Lakini sehemu kubwa ya mchezo ni kukusanya viumbe wanaoitwa Djinn na kuwatumia vitani. Mwambie mtu mzima wa Kibokoni kwamba atakuwa anakusanya majini, uone uso wake. Muulize kwanza, kwa heshima, na ukubali jibu lake.

Hatua ya pili: ipime gemu kwa adhana

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Icheze wewe mwenyewe gemu unayoifikiria. Ingia katikati ya pambano, pagumu kabisa, kisha weka simu chini kana kwamba umesikia adhana. Nenda katawadhe, swali, rudi. Kama wewe si Mwislamu, nenda kapokee mgeni mlangoni umwandalie chai. Ukirudi, angalia: mhusika yuko pale pale ulipomwacha? Adui bado anangoja zamu yako? Au umekufa, umepoteza kila kitu, na gemu inakudai uanze upya?

Gemu ya zamu kwa zamu hungoja. Wewe hucheza, kisha mashine hucheza, na katikati hakuna saa inayokimbia. Tatizo ni kwamba gemu mbili zinaweza kufanana kwa picha na zikatofautiana kabisa kwa jambo hili. Chukua 10000000, gemu ya mwaka 2012. Ukiiona katika picha utasema ndiyo hii: vigae vya rangi chini, mhusika mdogo juu anayepita kwenye shimo lenye maadui. Kumbe mhusika hakomi kukimbia, na ukichelewa kupanga vigae anasukumwa nyuma hadi mchezo unakwisha. Puzzle & Dragons ya Japani, nayo ya 2012, hukupa sekunde chache tu za kuburuta kipande kila zamu. Hizo ni gemu nzuri kwa kijana wa Tudor aliyekaa matatuni. Kwa mtu mzima mwenye vidole vizito ni adhabu.

Hata mfululizo mmoja hubadilika. Final Fantasy ya kwanza ilitoka 1987, na sehemu tatu za mwanzo ni za zamu kamili. Kuanzia ya nne, ya mwaka 1991, kukaingizwa mfumo ambao muda huendelea kupita vitani wakati unachagua. Mipangilio ina njia ya kuituliza kiasi, lakini kwa nini umwanzishie huko wakati za mwanzo zipo?

Pima pia uhifadhi. Zima gemu ghafla, kama vile stima imepotea na chaji imeisha, kisha iwashe tena. Umerudi wapi? Gemu inayojihifadhi yenyewe, au inayokuruhusu kuhifadhi mahali popote, inafaa. Ile inayokutaka ufike kwanza kwenye mnara fulani ndipo uhifadhi itamliza mtu siku moja.

Hatua ya tatu: pesa, matangazo na kamari iliyojificha

Kabla ya kupakua, soma maneno madogo chini ya jina la gemu katika Google Play. Yatakwambia kama ina matangazo na kama ina ununuzi wa ndani. Yakiwepo yote mawili, nashauri uipite. Mtu mzima hana mazoea ya kutafuta kile kialama kidogo cha kufungia tangazo, na wengi hudhani tangazo ni sehemu ya mchezo. Wakaligusa, wakajikuta wamepakua programu ya mkopo au ya kubeti.

Kibaya zaidi ni masanduku ya bahati: unalipa pesa, sanduku linafunguka, ukapata shujaa hodari au takataka. Ubelgiji iliyatangaza kuwa kamari mwaka 2018, na sidhani kama kuna mzee wa Pwani anayehitaji tume ya Ulaya imweleze jambo hilo. Akijua anachokifanya atakataa mwenyewe, kwa hiyo si haki kumwekea kitu kama hicho kwenye simu bila kumwambia.

Gemu ya kulipia mara moja, isiyodai tena hata senti, ndiyo nafuu mwishowe. Nyingi kati ya zile nitakazozitaja huuzwa kati ya dola 5 na 20, na katika duka la Steam la kompyuta bei hushuka sana nyakati za punguzo, hasa katikati na mwisho wa mwaka. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa ya mtandaoni iliyozinduliwa Kenya mwaka 2022. Na usiogope kununua ukakosea. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 ilhali gemu imechezwa chini ya saa 2, na Google Play hupokea maombi ya marejesho ndani ya saa 48. Maana yake ni kwamba siku ya kununua iwe siku ambayo mko pamoja, mjaribu papo hapo.

Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio ya Google Play, uweke kwamba kila ununuzi uombe nywila. Na yule kijana wa duka la simu anayejitolea kukuwekea gemu mia za kunakiliwa kwa shilingi chache, mshukuru uende zako. Simu hiyo hiyo ndiyo yenye M-Pesa ya mzee.

Hatua ya nne: chombo

Simu inatosha ikiwa macho ni mazuri. Tableti ni bora; ya mtumba yenye skrini ya inchi 10 huibadilisha gemu ile ile kabisa. Laptopu ya zamani yenye kipanya ndiyo ninayoipenda kwa mtu mwenye kutetemeka mikono, kwa sababu kipanya hukaa mezani na mkono hupumzika. Tena unaweza kuiunga na televisheni kwa waya wa HDMI, na familia nzima ikaanza kutoa rai. Gemu za aina hii hazidai mashine kali.

Vidhibiti vya PlayStation na vingine vya vijiti viwili vina vitufe vingi mno kwa anayeanza. Viache hadi aombe mwenyewe.

Hakikisha gemu hucheza bila intaneti. Ipakue mara moja kwenye waifai, kisha zima data na uifungue. Ikikataa kufunguka, basi itamla mzee bando kila siku.

Hatua ya tano: gemu zenyewe

Kwa wengi, pa kuanzia ni Puzzle Quest: Challenge of the Warlords. Ilitoka mwaka 2007, ikatengenezwa na Infinite Interactive ya Australia chini ya Steve Fawkner, na ndiyo iliyowafundisha watu kwamba vito vya kupanga na kisa cha safari vinaweza kuishi nyumba moja. Vita vyote huchezwa kwenye ubao mmoja wa vyumba 8 kwa 8, na wewe na adui mnautumia ubao huo huo kwa zamu. Ukipanga vito vitatu vya rangi moja unapata nguvu za rangi hiyo, za kulipia mbinu zako. Ukipanga mafuvu matatu unampiga adui. Nyota za zambarau hukuongezea uzoefu, sarafu hukupa dhahabu. Ukipanga vinne kwa mkupuo unapata zamu nyingine.

Hapo ndipo mcheza bao anapoketi vizuri. Ubao ni wa wote wawili, kwa hiyo kila hatua ina maswali mawili: nitapata nini, na namwachia nini mwenzangu? Ukipanga vito vya kijani juu, vya juu yake vinaanguka, na huenda vikapanga mafuvu matatu ambayo adui atayaokota kwa raha. Anayeanza huona faida yake tu. Baada ya mapambano machache utamwona anasita, kidole hewani, macho yanashuka safu kwa safu. Tayari anauzuia ubao. Atalalamika pia kwamba mashine inaiba, kwa jinsi vito vinavyomwangukia adui kwa bahati wakati mwingine. Wachezaji wa kila nchi wamelalamika hivyo hivyo. Mwache alalamike. Mtu halalamikii mchezo asioujali.

Inapatikana kwa kompyuta kupitia Steam, na wenye mashine ya gemu ya Nintendo Switch wana toleo la 2019 liitwalo Puzzle Quest: The Legend Returns. Kisa chake ni cha Kiingereza chepesi na kinaweza kurukwa. Utashawishiwa umpe Gems of War ya 2014 kwa sababu inafanana nayo na ni ya bure. Hiyo ina maduka ndani yake na inahitaji intaneti.

Kwa mtu wa bao hasa, yule asiyeridhika mpaka jambo liwe gumu, nina Desktop Dungeons. Hii ni kazi ya Waafrika, QCF Design ya Afrika Kusini. Ilishinda tuzo ya ubunifu bora katika tamasha la gemu huru, IGF, mwaka 2011, ikatoka kamili 2013, na toleo jipya liitwalo Desktop Dungeons: Rewind likaja 2023. Pango zima hukaa kwenye skrini moja. Maadui wanasimama mahali pao na hawakufuati. Kabla hujampiga mmoja, gemu hukuonyesha matokeo yatakuwaje, kwa hiyo hakuna bahati nasibu kwenye pigo. Hakuna kinachosogea mpaka wewe usogee.

Kiini chake ni kimoja, nacho ni kizuri sana. Kila chumba cha giza unachokifunua hukurudishia afya kidogo na nguvu kidogo. Kwa hiyo giza ndiyo dawa yako, na dawa hiyo haiongezeki. Ukikimbilia kufunua pango lote kwa udadisi, unabaki na majeraha na huna pa kuponea. Mchezaji mzuri huacha kona fulani gizani makusudi, akampiga adui mkubwa hadi karibu kufa, akatoka, akafunua vyumba vichache vya akiba ili apone, akarudi kummaliza. Naye adui hupona wakati unafunua, kwa hiyo ni lazima uhesabu. Pango moja si kazi ya siku nzima. Linaweza kuisha kati ya magharibi na isha. Ni gemu ngumu, na atashindwa mara nyingi. Kama hapendi kushindwa, usimpe.

Mtu wa vitendawili mpe Professor Layton and the Curious Village. Ilitoka Japani mwaka 2007, ikaletwa kwenye simu 2018 ikiwa na picha zilizosafishwa. Profesa mwenye kofia ndefu na mwanafunzi wake wanafika kijiji ambacho kila mtu ana fumbo la kukutegea, na mafumbo yanazidi 100. Hakuna vita, na hakuna mhusika wa kupandishwa ngazi, kwa hiyo wenye msimamo mkali watasema haimo katika aina hii. Mimi naihesabu, kwa sababu kisa na fumbo vimeshikana barabara, tena haina la kumkwaza mtu mwenye staha. Ukikwama kuna sarafu za kununulia dokezo, na sarafu hizo huokotwa ndani ya mchezo, si za pesa halisi. Inahitaji Kiingereza kizuri, maana baadhi ya mafumbo yametegwa kwenye maneno yenyewe.

Asiyejua Kiingereza mpe Machinarium ya Amanita Design kutoka Ucheki, ya mwaka 2009. Haina mazungumzo ya maneno kabisa. Roboti mdogo anamtafuta mwenziwe katika mji wa vyuma, na kila anachokikumbuka au kukitaka huchorwa katika kiputo juu ya kichwa chake. Ndani yake mna vijimichezo vichache vinavyotaka wepesi, na kimojawapo ndicho kinachofungua kitabu cha majibu. Hapo mzee atahitaji kidole cha mjukuu.

Kwa mwenye kupenda safari ndefu kuliko mafumbo, toleo la Pixel Remaster la Final Fantasy ya kwanza, lililotoka 2021 kwa simu na kompyuta, lina lugha nyepesi na vita vya zamu. Dragon Quest ya kwanza, ya mwaka 1986, ina faida kubwa kwenye simu: huchezwa simu ikiwa wima, kwa mkono mmoja. Lakini tafsiri yake ya Kiingereza imeandikwa kwa lugha ya kizamani inayomchosha hata aliyesoma.

Stardew Valley, gemu ya ukulima ya 2016, utaisikia ikisifiwa kila mahali kwa utulivu wake, na sifa ni za haki. Hata hivyo siku yake moja huisha kwa takriban robo saa, na kuvua samaki humo kunataka vidole vya haraka. Iwe ya pili au ya tatu.

Hatua ya sita: mpangilie kila kitu kabla hajashika

Ongeza muda wa skrini kujizima. Simu nyingi huja zimewekwa kuzimika baada ya sekunde 30, na mtu anayefikiri hatua yake hupita hapo bila kujua. Kioo kinamzimikia usoni, anadhani ameharibu. Weka dakika 10.

Ukubwa wa maandishi unaoongeza kwenye mipangilio ya simu mara nyingi hauigusi gemu, kwa sababu gemu huchora maandishi yake yenyewe. Angalia kwanza mipangilio ya ndani ya gemu. Ikiwa hakuna, washa ukuzaji katika sehemu ya Ufikivu, na umfundishe kugonga mara tatu ili kukuza. Mwenye mkono mzito ongezea muda wa kugusa na kushikilia, uko huko huko Ufikivu. Zima arifa za gemu hiyo. Mwangaza uwe wa juu akikaa barazani mchana, wa chini usiku. Sauti za mapigo punguza, muziki uache ikiwa anaupenda. Wengine watataka kimya kabisa, na gemu zote nilizotaja huchezeka bila sauti.

Hatua ya saba: kikao cha kwanza

Keti kando yake, si mbele yake, na simu iwe mkononi mwake tangu mwanzo. Kosa tunalolifanya sisi vijana ni kumnyang'anya simu kila anapokawia: “Lete nikuonyeshe, Nyanya.” Ukimwonyesha hivyo mara kadhaa, ameshaelewa kwamba mchezo ni wako. Sema tu: “Nyanya, hebu guza hicho chekundu, tuone.” Kisha nyamaza. Hata akifanya kosa, nyamaza. Akishindwa pambano la kwanza ni sawa, maana gemu nzuri humrudisha papo hapo.

Usimsomee maelezo yote. Katika Puzzle Quest, siku ya kwanza mafuvu yanatosha: panga mafuvu, mpige adui. Rangi zije kesho, mbinu keshokutwa. Mwandikie kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, yale maneno machache ya Kiingereza yanayojirudia kwenye vitufe, na maana zake kando, uiweke karatasi ndani ya kifuniko cha simu. Mwache ampe mhusika jina alitakalo. Wengi huwapa majina ya wajukuu, na hapo safari inakuwa na maana nyingine kabisa.

Usimpe gemu kama dawa. Kuna kampuni zilizouza gemu za akili kwa ahadi kwamba zinazuia usahaulifu wa uzeeni. Mwaka 2016 watengenezaji wa Lumosity walilipa dola milioni 2 kumaliza mashtaka ya tume ya biashara ya Marekani kuhusu madai ya namna hiyo. Mzee akisahau mambo kwa namna inayokutia wasiwasi, mpeleke kwa daktari. Gemu apewe kwa sababu ni tamu.

Baada ya hapo

Mpigie baada ya siku mbili tatu, umuulize kisa kimefika wapi, kwa jina la mhusika. Akikwama, mpe dokezo dogo kuliko alilohitaji. Majibu kamili yako tele mtandaoni, ila akishayaonja hayo ni vigumu kuyaacha, na ladha ya fumbo imekwisha. Akicheza hadi usiku wa manane, zungumza naye kama mtu mzima mwenzako: macho yapumzike mara kwa mara, atazame mbali, ainuke anyooshe magoti.

Na jambo moja ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Gemu nyingi za simu huhifadhi safari ya mchezaji ndani ya simu ile ile. Kabla hujambadilishia simu, kuipeleka kwa fundi au kuifuta, fungua mipangilio ya gemu utafute kama kuna hifadhi ya mtandaoni, uiwashe, kisha ijaribu kwenye simu mpya wakati ya zamani bado iko mkononi. Katika kompyuta, gemu nyingi za Steam hujihifadhi mtandaoni zenyewe, lakini thibitisha kwa kila gemu. Ikiwa hakuna njia ya kuhamisha, simu ya zamani ibaki kwake, hata bila laini, hadi amalize kisa chake.